Karani na Mkono wa Plasta

Mbwa wangu anaitwa Karani kwa sababu tangu mdogo alikuwa akikaa mlangoni na kumkagua kila anayeingia: viatu kwanza, kisha mfuko, kisha uso, ndipo ampishe. Nasema haya mapema ili ieleweke kwamba si mbwa wa hovyo. Ni kweli ana kifua kipana na kichwa kikubwa, na wasiomjua wakimwona huvuka barabara. Wanaomjua humkanyaga mkia kwa bahati mbaya, wakamwomba radhi, naye akawasamehe.

Lakini ile Jumamosi nilipompakia kwenye gari la mume wangu, Karani alikuwa ameshakaliwa kikao. Uamuzi wa kikao ulikuwa huu: nimpeleke kwenye semina ya mbwa wa ulinzi, Mwalimu wa huko amtazame siku zote mbili, Jumamosi na Jumapili. Mwalimu akisema kichwa cha mbwa ni kizima, anarudi nyumbani. Akisema kimeharibika, Jumatatu asubuhi daktari wa mifugo anakuja na sindano. Nilikubali kwa mdomo wangu mwenyewe. Karani alikuwa amemng'ata baba mkwe.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe, maana wifi yangu anadhani tunafuga majambazi. Mchezo wetu una mtu anayevaa mkono wa gunia, mnene, ulioshindiliwa vizuri ndani. Mbwa anamtafuta mtu huyo uwanjani, anambwekea bila kumgusa, na akiamriwa ndipo anaukamata mkono wa gunia. Ukisema "achia", anaachia papo hapo na kukaa kitako. Hapo ndipo penye mtihani. Kukamata hata mwanambwa anajua. Kuachia ndiko kunakotutoa jasho, na Karani alikuwa anaachia kwa neno moja, sauti ya kawaida, kama mtu aliyeombwa apitishe chumvi.

Mimi ni fundi wa mapazia. Chumba changu cha kushonea kimepakana na sebule, na cherehani yangu ikiwaka sisikii hata mtu akivunja ukuta. Baba mkwe alikuja kukaa kwetu baada ya kuteleza bafuni kwake na kuvunjika mkono wa kulia. Alifungwa plasta kuanzia kwenye vidole hadi juu ya kiwiko, nyeupe, nene, akawa anashinda kwenye kochi akiwa ameuegemeza juu ya mto. Mbwa ndani ya nyumba hakumpenda, na hakuficha. "Siku zetu," alikuwa akisema, "mbwa alikuwa na nyumba yake na mtu na yake." Karani akipita mbele yake, mzee aligeuza uso kama aliyemwona mdai wake.

Anayemsimamia mzee ni wifi yangu. Ni muuguzi, na kazi yake haiachi hospitalini. Alikuja kila mchana na kikapu cha chakula kisicho na chumvi, akampima baba yake presha, akamkataza jua, akamkataza ngazi, akamkataza hata kufungua dirisha. Mzee naye alikuwa amezua kikohozi kikavu, kisichoisha. Nilikuwa nakisikia kila nilipozima cherehani ghafla: kho, kho, kisha kimya. Wifi alimletea dawa ya maji, chupa ya kwanza, chupa ya pili, akawa anasimama mbele yake mpaka ameze. Kikohozi hakikutikisika. Wifi akaanza kuzungumzia picha ya kifua, na alipozungumza hivyo sauti yake ilikuwa ndogo, maana mama yao alianza hivyohivyo.

Sasa siku yenyewe. Nipo kwenye cherehani, nasikia ukelele uliopenya hata mlio wa mashine. Natoka mbio na futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Wifi amesimama mlangoni, kikapu kiko chini, mchuzi unatembea sakafuni. Baba mkwe yuko kwenye kochi, ametoa macho. Na Karani ameukamata ule mkono wa plasta kwa mdomo mzima, ametulia, hatikisiki.

"Toka! Toka, mnyama wee!" wifi anapiga kelele. Karani hana hili wala lile.

"Achia," nikasema. Akaachia, akakaa kitako, akamtazama mzee kama anayengoja kitu.

Mzee hakuwa na jeraha. Plasta ndiyo iliyopasuka, ikabidi afungwe nyingine. Lakini nani angesikiliza habari za jeraha? Jioni ile wifi alisema mbele ya mume wangu: ama mbwa atoke, ama baba aende kwake, na akienda kwake yeye hatakanyaga tena hapa. Mume wangu ni fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache. Aliinamia mikono yake, kisha akamuuliza baba yake, "Baba, wewe unasemaje?"

"Fanyeni mnavyoona," akasema mzee, akakohoa, akageukia ukuta.

Basi ndivyo tulivyofika kwenye semina.

Ilikuwa kwenye uwanja wa michezo wa shule iliyofungwa kwa likizo. Vibanda vya turubai vilikuwa vimesimamishwa kwenye nyasi, mahali ambapo mvaa mkono hujificha mbwa waje wamtafute. Kulikuwa na ndoo za maji, mikanda, harufu ya mbwa na ya kahawa. Mvaa mkono wetu tunamwita Gunia, jamaa mrefu mwenye mapaja yaliyojaa mikwaruzo ya makucha, anayecheka kila mbwa anapomrukia. Mwokaji mikate mmoja, ambaye mbwa jike wake ameshinda kila kitu cha kushinda, alikuwa ameleta kiti chake mwenyewe ili akae akosoe wengine.

Mwalimu alitoka mbali kuja kutufundisha. Ni mtu mfupi, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, na hasalimii watu mpaka amalize kusalimia mbwa. Alimsalimia Karani, akamshika masikio, akamfunua fizi. Kisha akaniambia, "Haya, nisimulie."

Nikamsimulia yote. Sikuficha plasta wala sindano ya Jumatatu. Nilisema kwa ukali kama ninayegombana naye.

"Aliachia kwa neno la ngapi?" akauliza.

"La kwanza."

"Hm," akasema. "Tuone."

Nikamwachia Karani uwanjani. Alivikimbilia vibanda kimoja baada ya kingine, akamkuta Gunia kwenye cha mwisho, akambwekea vizuri, kwa sauti nene, bila kumgusa. Moyo wangu ukaanza kurudi mahali pake. Halafu akafanya jambo ambalo sijapata kumfundisha. Akanyamaza. Akakaa kitako mbele ya Gunia, akanyanyua mguu wa mbele, akauweka juu ya goti lake, akautazama ule mkono wa gunia na kusubiri.

"Anaomba kura!" akasema mwokaji mikate kutoka kwenye kiti chake. Watu wakacheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Gunia naye hakujua afanye nini. Alisimama pale na mguu wa mbwa gotini, vumbi likamwingia kooni, akakohoa. Kabla hajamaliza, Karani alikuwa ameshaukamata mkono wa gunia, mdomo mzima, ametulia, hatikisiki.

"Achia!" nikapiga kelele. Akaachia, akakaa, akamtazama Gunia usoni kwa matumaini.

Mwalimu aliingia uwanjani taratibu. Akachukua mkono wa gunia, akauvaa yeye. Karani akaja, akakaa, akaweka mguu gotini. Mwalimu akainua mkono. Kimya. Akapunga fimbo. Kimya. Akapiga kelele za kutisha. Karani akakunja uso tu, kama mtu anayesubiri kwenye foleni huku mwehu anampigia makelele. Kisha Mwalimu akakohoa, kidogo, kho, kho. Akakamatwa pale pale.

"Mama," Mwalimu akaniambia baada ya mimi kumwachisha, "nani mwingine anamfundisha mbwa huyu?"

"Hakuna."

"Yupo."

"Nimesema hakuna! Nimemlea kwa chupa mimi. Nani atamfundisha mbwa kukoholewa?"

Nilikuwa nimepandisha sauti. Kuulizwa vile mbele ya mwokaji mikate kulinichoma kuliko kuchekwa. Mwalimu hakujali. Alivua mkono wa gunia, akafuta jasho la shingoni, akanigeukia.

"Sikiliza. Mbwa huyu haumi ovyo. Anauma kwa ishara. Lakini ishara si yako, na wewe huijui, na yeyote anaweza kuitoa bila kujua. Mgeni akija kwako na mafua, je? Nikimpitisha hivi, nitakuwa nakudanganya. Kesho niletee yule mzee aliyeng'atwa. Mbwa atavaa kifunga mdomo, hatamuumiza. Nataka kuona anamfanyaje. Baada ya hapo nitatoa jibu langu."

Nyumbani jioni nilimvaa mume wangu kabla hajavua viatu. Nilimuuliza amekuwa akicheza na mbwa wangu kwa siri tangu lini. Akaapa kwa kila anachokiamini kwamba hajamgusa. Nikamwambia na biskuti je, maana kopo la biskuti lilikuwa linaisha nikiwa nimelijaza juzi tu, na nilishamgombeza mara nyingi kwa hilo. Akasema biskuti pia hajazigusa, na kwamba amechoka kuitwa mwizi ndani ya nyumba yake. Tulinuniana. Mzee alikuwa kwenye kochi, macho kwenye televisheni iliyokuwa imezimwa.

"Baba, kesho Mwalimu anakuomba ufike uwanjani," nikamwambia.

"Mimi? Na mkono huu?"

"Bila wewe hawezi kutoa jibu. Na asipotoa jibu, Jumatatu ni sindano."

Mzee akaiegemeza plasta vizuri juu ya mto. "Nitakuja," akasema mwishowe. Usiku ule hakukohoa hata mara moja, nami sikuwa na akili ya kulitambua hilo.

Jumapili nilitangulia na Karani kwa gari la Gunia; baadaye wakafika wote watatu. Mume wangu alimshusha baba yake garini kama anashusha kioo. Wifi alikuja na mkoba wa huduma ya kwanza, umejaa bandeji mpaka haufungi. Alisimama nyuma ya kiti cha baba yake, mikono kifuani, akawatazama mbwa wote kumi na kitu kana kwamba kila mmoja alikuwa ameshamla ndugu yake.

"Nimekuja kushuhudia tu," akaniambia. "Sikuja kubishana na wewe, wifi."

"Shuhudia," nikasema.

Mzee aliwekwa kwenye kiti katikati ya nyasi, plasta mpya ikiwa juu ya paja lake. Nilimfunga Karani kifunga mdomo cha waya, nikashika kamba ndefu, Mwalimu naye akaishika nyuma yangu. Tukatembea. Karani alipomwona mzee, mkia ulianza kumpiga mbavuni, kushoto, kulia, mwili mzima ukapinda. Hakunguruma. Alikaa kitako mbele yake, akanyanyua mguu, akauweka juu ya goti la baba mkwe. Akaitazama plasta na kusubiri.

Watu wote walisogea karibu. Hata mwokaji mikate.

"Mzee," Mwalimu akasema, "shikamoo. Naomba ukohoe."

"Marahaba. Leo sina kikohozi."

"Hata kidogo?"

"Kimepoa."

Wifi akaingilia. "Kimepoa vipi, Baba? Jana mchana ulikohoa mbele yangu mpaka nikakuongezea dawa."

Mzee akatazama nyasi. Jasho jembamba lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Mwalimu alingoja, akaona hapati kitu, akashusha pumzi na kunigeukia.

"Basi sina la kufanya," akasema polepole. "Mbwa anayeng'ata ndani ya nyumba, na hatujui kilichomfanya ang'ate, siwezi kukwambia urudi naye. Nasikitika, mama. Mbwa ni mzuri sana."

Nilisikia maneno yale, nikapiga magoti kwenye nyasi. Nilimkumbatia Karani shingoni nikalia kwa sauti, sikuona aibu ya mtu. Nilikuwa nawaza vitu vya kipuuzi: nani atakula ganda la mkate, nani atalala mlangoni nikishona. Karani hakunijali. Alikuwa bado ameweka mguu gotini kwa mzee, anasubiri, na mkia unafagia nyasi.

Hapo baba mkwe akakohoa.

Kho, kho. Kikohozi kidogo, cha adabu, kile kile nilichokisikia siku zote nikizima cherehani. Karani akachomoka mikononi mwangu. Waya wa kifunga mdomo ukagonga plasta, ko! Wifi akapiga ukelele. Mzee hakushtuka. Alimtazama Karani akisukumana na ule mkono, akamngoja kidogo, kisha akaliza vidole vya mkono wa kushoto, tap. Karani akarudi nyuma pale pale, akakaa kitako, akanyoosha shingo.

Na mzee, bila kufikiri, akatia mkono mfukoni mwa koti akatoa biskuti.

Aliishika hewani. Sote tuliitazama biskuti ile. Ilikuwa ya kopo langu, ile yenye sukari juu.

"Baba," mume wangu akasema. Alikuwa na haki ya kusema zaidi, lakini ndivyo alivyo.

Mzee akaiweka biskuti juu ya paja. "Nilimwona uwanjani kwenye picha zako, mama," akaniambia mimi, hakuwatazama wengine. "Kwenye simu. Anashika, anaachia. Nikasema na mimi mkono mnene ninao. Wewe ukiwasha mashine, sisi tunaanza. Ukizima, tunaacha. Neno la amri ungelisikia ukizima ghafla. Ndiyo nikatumia kikohozi."

"Na yale maneno yote ya mbwa kuwa na nyumba yake?" nikauliza.

"Hayo yalikuwa ya kuwapoteza tu."

"Na siku ile?"

"Siku ile huyu aliingia," akamwonyesha binti yake kwa kidevu. "Akapiga kelele. Nilitaka kuliza vidole aachie, lakini angejua. Daktari alisema plasta ikigongwa nitapasuliwa. Nikaganda. Kisha mkaanza vikao. Nikasema watagombana, watanyamaza. Mliposema sindano, mdomo ukawa mzito. Kila siku nilisema kesho nitawaambia." Akameza mate. "Nyumba nzima nilikuwa mzigo. Usinyanyue hiki, usiguse kile. Huyu peke yake ndiye aliyekuwa ananipa kazi."

Mimi sikujua nimkumbatie au nimnyonge. Nadhani nilitaka vyote viwili kwa zamu. Lakini macho yangu yalikuwa kwa wifi, maana nilijua dhoruba itatokea upande ule. Alikuwa amekuja mbele ya kiti, uso umemwiva, mkoba wa bandeji ukimning'inia begani.

"Kwa hiyo kikohozi," akasema. "Kile kikohozi."

"Ndiyo."

"Chupa mbili za dawa, Baba."

"Nilikunywa zote," mzee akajitetea.

"Kwa hiyo huumwi?"

"Siumwi, mwanangu."

"Kifua hakikubani? Hata kidogo? Usinidanganye."

"Sijawahi kuwa mzima hivi."

Wifi akafungua mdomo, tukadhani dhoruba ndiyo hiyo. Badala yake akaanguka kwenye nyasi karibu na mimi, akaweka kichwa juu ya paja la baba yake, akalia kama mtoto. Alilia na kumpiga ngumi kwenye bega zima, akalia tena. Alikuwa ameshaomba nafasi ya picha ya kifua, akatuambia baadaye, na hakuwa amelala vizuri tangu chupa ya kwanza imalizike. Mzee alimpapasa nywele kwa vidole vilivyochomoza kwenye plasta. Karani alitutazama sisi wote, akaona hakuna anayeijali ile biskuti, akaanza kuisogelea kwa kifunga mdomo chake, nayo ikamtoroka kila alipoigusa.

"Mvue bwana," akasema mwokaji mikate. "Amefanya kazi yake." Alikuwa anafuta macho kwa kofia. Nilimsamehe ile habari ya kura.

Mwalimu hakulia. Alijikuna kidevu, akamwambia mzee kwamba katika miaka yake yote ya kufundisha hajaona mtu mwenye mkono uliovunjika akimfundisha mbwa kukamata na kuachia bila neno hata moja, na kwamba ni kazi nzuri sana, na kwamba asirudie tena maisha yake yote. Kisha akanigeukia mimi.

"Jibu langu ni hili. Mbwa wako mzima. Tatizo lake ni kuwa na mabosi wawili wasiozungumza. Mchana wote huu tutalirekebisha."

Tukalirekebisha. Mzee alikaa kwenye kiti chake na kukohoa kwa amri ya Mwalimu, nami nikashika kamba. Kila akikohoa na Karani akaitazama plasta, nilisema "hapana", nikasubiri anigeukie, akinigeukia anapata kipande cha biskuti. Mwanzoni alituona tumechanganyikiwa. Alimtazama mzee, akanitazama mimi, akapiga mwayo wa kukereka. Baadaye kikohozi kikitoka, kichwa kinageuka kwangu chenyewe, kuuliza. Mwalimu alisema hilo ni mwanzo tu, nifanye kila siku, na plasta ikitoka nifanye tena upya. Nilisema nitafanya mpaka nizeeke. Mume wangu alikuwa amejiegemeza kwenye gari, ananitazama, na nilipopita karibu yake nikamwambia kwamba suala la biskuti nimelifuta. Akasema ameshukuru, ila anaiandika tarehe.

Kabla hatujaondoka alimpigia simu daktari wa mifugo. Nilisimama karibu kusikia.

"Daktari, kesho usije," akasema. Akasikiliza. "Hapana, yuko hai. Ilikuwa makosa." Akasikiliza tena, akamtazama baba yake. "La, siyo ya mbwa."

Niliposikia vile, nilikaa kwenye ngazi ya gari na kuhema. Jumatatu ilikuwa imerudi kuwa Jumatatu tu, siku ya mapazia ya mteja anayebadilisha mawazo kila wiki, na nilimpenda hata mteja yule.

Tulirudi sote kwenye gari moja. Mume wangu na mimi mbele, nyuma mzee na wifi, Karani chini katikati yao, kichwa juu ya kiatu cha mzee. Kifunga mdomo nilikuwa nimemvua, kamba nimeizungusha kwenye kiganja. Barabara ya kutoka shuleni ilikuwa ya vumbi, na dirisha la nyuma halifungi vizuri, limekuwa hivyo tangu tulinunue gari. Vumbi likaingia.

Mzee akakohoa. Hiki hakikuwa kile cha adabu, kilikuwa kikohozi cha kweli, cha kifua kizima, mpaka machozi yakamtoka.

Karani na wifi waliinua vichwa kwa pamoja. Mume wangu akapunguza mwendo. Niligeuka nikaikaza kamba.

"Vumbi," mzee akasema, akiwa amenyanyua mkono mzima kama anayekamatwa na polisi. "Haki ya Mungu, vumbi tu."

Karani aliitazama plasta kwa muda ulionitosha kufa na kufufuka. Kisha akageuza kichwa, akanitazama mimi.

"Hapana," nikamwambia. Akarudisha kidevu juu ya kiatu cha mzee na kufumba macho.

Wifi alikuwa bado amekodoa macho, lakini si kwa mbwa. Aliweka kiganja mgongoni kwa baba yake, akasikiliza kifua kikipanda na kushuka mpaka kikatulia. Ndipo akafungua mkoba wa huduma ya kwanza, akasukuma bandeji pembeni, akatoa pakiti nzima ya biskuti ambayo sijui aliinunua saa ngapi.

"Mpe moja," akamwambia mzee. "Na wewe chukua moja. Halafu mfunge dirisha hilo, jamani, mnataka kuniua?"

Mume wangu akasema dirisha halifungi. Wifi akavua mtandio wake, akauziba pale penye mwanya, akaushikilia kwa mkono wake mwenyewe mpaka tulipofika nyumbani.